Fundi Makaburi na Kisima cha Kitangari

Pale Masasi mjini fundi wa nyumba akipita, watu humwita. Karibu fundi, kaa kidogo, hebu tuangalizie na ukuta wetu huu. Zabroni naye alikuwa fundi, tena fundi wa kutajwa, lakini alipopita hakuna aliyemwita. Walimsalimia wakiwa wamesimama, na akishapita ndipo wanakaa. Kazi yake ilikuwa kujengea makaburi.

Si kuchimba. Kuchimba ni kazi ya ndugu na majirani siku ya msiba. Yeye huitwa baadaye, msimu wa korosho, mnada ukishapita, watoto wa marehemu wanaporudi kutoka walikohamia na kusema sasa mzee naye apate nyumba. Hapo Zabroni hufika na mwiko wake na pimamaji yake. Hunyanyua matofali, humwaga zege, hupandisha vingazi pembeni, upande wa kichwani huuinua kidogo, halafu hubandika marumaru mpaka kaburi linang'aa kuliko sebule ya mwenye kulipa. Mwisho kabisa, simenti ikiwa bado mbichi, huandika jina na mwaka kwa ncha ya msumari, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.

Vijana wa bodaboda walimtania kila asubuhi.

"Fundi, leo unakwenda kumpima nani?"

"Wewe hapo. Kwa mwendo wako ule wa jana, nimeona nianze mapema."

Walicheka, na yeye akacheka, akapanda pikipiki na ndoo yake ya vifaa mapajani.

Kazi aliijua kwa mjomba wake Anthony, na hakuidharau hata siku moja. Amewaona wanaume wazima, wenye magari, wakiweka kiganja juu ya jina la mama yao na kulia bila aibu. Alijua kazi yake inafika mahali maneno hayafiki. Ila kulikuwa na jambo moja. Akishafuta mwiko na kukusanya vifaa, wenye kaburi huondoka, naye huondoka, na pale habaki mtu wa kuitumia kazi ile. Siku moja alimwambia mkewe.

Agatha alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Baba Huruma, ulitaka marehemu atoke akushukuru?"

Zabroni alicheka mpaka akakohoa. Lakini lile neno likabaki naye.

Likazidi alipopanda Kitangari.

Aliitwa na Gasper, mfanyabiashara anayekaa Mtwara, amjengee mama yake. Kule juu uwandani ardhi ni nzuri kwa mikorosho, lakini maji ni ya kutafuta. Bomba likitoa leo, huulizi tena litatoa lini; unapanga ndoo na kuomba. Wanawake wengine hushuka bondeni na kupanda tena, ndoo kichwani, shingo zimenyooka. Na zege, kama anavyojua kila fundi, hunywa maji kama ngamia. Basi majirani wa marehemu wakabeba maji kumsaidia Gasper, maana ndivyo inavyotakiwa, kazi ya kaburi haina mwenyewe.

Katika wabebaji alikuwamo Bibi Evelina, jirani wa marehemu, mwembamba, mwenye macho ya kuona mbali. Alimimina ndoo yake kwenye pipa, akabaki anatazama Zabroni anavyoyachota na kuyamwaga kwenye kokoto.

"Shikamoo Bibi. Pumzika sasa, mmebeba sana."

"Marahaba, mjukuu wangu. Silalamiki. Natazama tu." Akaelekeza kidevu kaburini. "Mwenzangu huyu mvua ikinyesha alikuwa anakimbia na sufuria anaziweka chini ya bati, mpaka kikombe cha chai anakiweka. Hajawahi kuona maji mengi hivi nyumbani kwake. Leo ndiyo anayaona."

Akachukua ndoo yake tupu akaenda. Zabroni alisimama na koleo mkononi. Alitazama nyumba ya marehemu. Bati lilikuwa zima, pana, limeelekea upande mmoja vizuri kabisa. Akatazama mifuko ya simenti iliyopangwa kwa ajili ya kaburi. Mkono wa fundi haulali hata mwenyewe akiwa na huzuni. Alijikuta ameshapiga hesabu kichwani ya shimo, tofali, plasta na mfuniko.

Jioni alimwambia Gasper, kwa adabu, kwamba simenti ile ile na marumaru yale yale yangetosha kisima kizuri cha kukinga mvua.

"Fundi," Gasper akasema, na hakusema kwa ubaya, "mama hanywi tena."

Hapo palikuwa na mgeni mmoja amekaa kwenye benchi, Mwalimu Loyce. Ni mwenyeji wa Bukoba, kazi ya ualimu ndiyo iliyomleta Kitangari, akazoea, akajenga nyumba yake ndogo jirani na shule. Alikuwa amekuja kuwapa pole wenzake. Aliyasikia yote.

"Mimi sijafa," akasema. "Nijengee mimi."

Watu wakacheka. Mwenyewe hakucheka. "Kwetu maji tunayaona kila upande. Hapa nimejifunza kuoga kwa kikombe. Na mkinijengea, majirani watachota. Bati ni langu, mvua si yangu."

Zabroni aliposhuka Masasi alimweleza mkewe kwamba anataka kujenga visima. Si kimoja. Anataka iwe ndiyo kazi yake.

Agatha aliketi kabisa. "Nani atakuita? Watu wanakujua kwa makaburi. Na Mzee Cuthbert wa Nanganga amepiga simu, anataka wazazi wake, babu zake na shangazi, mstari mzima, kabla ya Krismasi."

"Nimesikia."

"Mimi sikukatazi, Baba Huruma. Nauliza tu. Kati ya kazi unayoijua na kazi unayoipenda, tutakula ipi?"

Agatha hakuwa mtu wa kudanganywa kwa maneno matamu. Wakakubaliana hivi: Mzee Cuthbert aambiwe asubiri kidogo. Zabroni amjengee mwalimu. Watu wakikikubali kisima, wakaita fundi aje kwao, basi kazi ipo. Wasipokikubali, atarudi kwenye mwiko wake wa siku zote na hataleta tena habari za visima pale nyumbani. Wakaishia hapo, kila mtu akijua amekubali nini.

Vijana wa Kitangari wakamsaidia kuchimba. Udongo mwekundu ukatoka, shimo likashuka, na Zabroni akalijenga ndani kwa mkono ambao haujui kulipua kazi. Plasta aliipiga mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma. Alimwaga maji ya majaribio, akaweka alama ukutani, na asubuhi alikuta maji yapo pale pale kwenye alama. Alisimama ndani ya lile shimo peke yake akitabasamu. Kaburi halimpi fundi jibu kama hilo.

Ikabaki juu. Hapo ndipo furaha ilipomponza.

Alitaka kiwe kizuri. Mwalimu ameamini, majirani watakuja, na Gasper siku moja atapita aone. Kwa hiyo alipofika kwenye mfuniko alifanya kila alichokijua kuwa ni uzuri. Alimwaga zege refu la mstatili. Akapandisha vingazi pembeni. Upande wa mdomo wa kuchotea akauinua kidogo. Akabandika marumaru meupe, na ukingo wa rangi ya damu ya mzee. Na mwisho, simenti ikiwa bado mbichi, akachukua msumari wake, akaandika jina la mwenye kisima na chini yake mwaka. Akasafisha vifaa, akashuka Masasi na moyo mweupe.

Asubuhi wanawake walikuwa wanatoka kwenye foleni ya bomba. Wa mbele alikuwa Mama Mrisho, mfupi, mwenye mdomo wa kuchekesha mtaa mzima. Alipofika penye uwanja wa mwalimu alisimama ghafla. Akatua ndoo. Akavuta kanga akafunika kichwa.

"Jamani. Mwalimu amefiwa?"

"Na nani? Si anaishi peke yake?"

"Sasa lile pale ni la nani?"

Wakasogea polepole. Mmoja aliyejua kusoma akainama upande wa kichwani. "Mwa-li-mu... Mwalimu Loyce."

Wakarudi nyuma hatua moja. Kisha sauti ya nyuma ikatoka, ndogo. "Mbona mimi alfajiri nimemwona anakwenda shule?"

"Ulimwona uso?"

"Mgongo."

"Haya basi!"

Mchana mwalimu alirudi kula. Alikuta mkeka umetandikwa mlangoni kwake, watu wamekaa kimya, na Bibi Evelina ana kifurushi cha unga magotini.

"Poleni jamani," mwalimu akasema, maana ndivyo mtu anavyosema. "Nani amefariki?"

Wawili walikimbia wakaacha ndala. Bibi Evelina hakukimbia. Alimtazama mwalimu kuanzia chini mpaka juu, akatazama na kivuli chake kama kipo. "Mwanangu," akasema, "nilikuletea unga wa msiba wako."

"Basi nipe, Bibi. Nipike, nina njaa."

Habari ile ilizunguka mpaka Newala, ikashuka mpaka kwa bodaboda wa Masasi, wakapata cha kusema msimu mzima. Lakini kicheko kilipoisha, jambo lenyewe likabaki. Mvua za kwanza zikanyesha, mwalimu akaziacha zioshe bati kama inavyotakiwa. Zikanyesha tena, mfereji wa bati ukaimba, kisima kikajaa. Maji safi, baridi, pale pale mtaani. Na hakuna aliyechota. Wanawake walipita mbali na ndoo zao wakielekea bondeni. Watoto walipelekwa na ndoo wakarudi nazo tupu, wanasema ni maji ya kaburini. Mama Mrisho aliulizwa, akasema yeye hana neno na mwalimu, ila mtu mzima hawezi kumpa mtoto uji wa maji yaliyochotwa kichwani pa marehemu, hata kama marehemu yuko hai.

Mwalimu akapiga simu. "Fundi, mimi nakunywa, na sijambo. Lakini nilisema majirani watachota. Hawachoti. Njoo utazame."

Zabroni alikata simu akakaa kwenye kigoda nje. Agatha alikuwa amesikia. Hakumsimanga, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alisema tu, "Mzee Cuthbert amepiga tena. Anataka jibu wiki hii." Kisha akaingia ndani.

Akapanda Kitangari. Safari hii alikwenda kama mgeni, akasimama barabarani akitazama uwanja wa mwalimu kwa macho ya mpita njia. Na akaliona. Lilikuwa kaburi zuri kuliko yote aliyowahi kujenga. Hata lilikuwa limelala mashariki na magharibi, kichwa magharibi, kama alivyolazwa babu yake na kila mtu wa kanisa lao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe, na yeye akaufuata akidhani anaongoza.

Alichuchumaa hapo muda mrefu. Alifikiri kwamba labda Agatha ana haki. Labda mtu akifanya kazi moja miaka na miaka, kazi inamjenga yeye, na huwezi kumbomoa ukamjenga upya. Mzee Cuthbert anamngoja. Kule hakuna atakayekataa kazi yake. Wateja wa kule hawakatai.

Akaliangalia wazo hilo vizuri. Hawakatai. Katika miaka yake yote hakuna mteja aliyewahi kumwambia, fundi, hapa ni juu mno, hapa panateleza, hapa hukuniuliza. Watoto wao walichagua rangi ya marumaru tu. Aliyelala alilala. Na yeye alikuja huku kujengea watu wenye ndoo vichwani, wenye watoto mgongoni, wenye midomo, asimuulize hata mmoja.

Akafunika mdomo wa kisima kwa turubai, akalikaza kwa mawe, akatoa nyundo.

Kelele zikapigwa kabla hata hajapiga. Mama Mrisho alikuwa wa kwanza kufika.

"Wewe Mmakua wa Masasi! Usivunje! Mwenyewe yuko hai, unataka kumletea mkosi?"

"Si mmelikataa?"

"Tumelikataa, ndiyo. Tumekwambia uvunje?"

Zabroni akaweka nyundo chini. "Basi semeni ninyi. Mnataka kikae vipi?"

Wakatazamana. Walikuwa wamekuja kugomba, hawakuwa wamejiandaa kuulizwa. Kisha mmoja akasema kiwe mviringo, kama mdomo wa mtungi, mtu asipate pa kulala. Mwingine akasema kiwe na mfuniko wa bati, watoto wasitumbukie. Kisha wote wakasema pamoja. Marumaru hapana, yanateleza ukiwa na miguu yenye tope. Pawe na jukwaa la kuwekea ndoo, maana kuinua ndoo kutoka chini mpaka kichwani ndiko kunakovunja kiuno, si kubeba. Jukwaa liwe juu. Lisiwe juu sana. Pawe na pa kumkalisha mtoto wakati mama anachota. Maji yanayomwagika yapate njia yaende kwenye migomba ya mwalimu, yasifanye tope.

"Na jina?" Zabroni akauliza.

"Jina ufute!" wakaitikia, na mwalimu aliyekuwa mlangoni akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Hapo Bibi Evelina akachukua jiwe dogo akagonga marumaru ya ukingoni, moja tu, likapasuka. "Bismillahi ya kwetu Wakristo," akasema. "Vunja sasa."

Akavunja. Ilimuuma, asiseme uongo. Kazi nzuri haivunjwi bila maumivu. Lakini alipokuwa akichonga zege na kupandisha ukingo wa mviringo, watu hawakuondoka. Kila mmoja alikuja na lake. Alipoinua jukwaa wakamwambia chini. Aliposhusha wakasema sasa umeweka pa kunyonyeshea. Alijaribisha kwa ndoo zao wenyewe, akawafanya wainue, washushe, wageuke. Walimcheka, wakamletea mihogo, wakamcheka tena. Alikuwa hajawahi kufanya kazi penye kelele namna ile. Jioni moja aligundua amesahau kula, na hakuwa na njaa.

Siku ya kumaliza jukwaa, mawingu yamejikusanya upande wa Ruvuma, simu ikaita. Mzee Cuthbert.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi, nimekungoja sana. Unakuja Nanganga au huji?"

Zabroni alimtazama mwanamke mmoja anayemkalisha mtoto kwenye kile kibenchi kidogo, kuona kama atatulia. Mtoto alitulia.

"Mzee, nitakuja kiangazi, kwa heshima zote, niwajengee wazazi wetu vizuri. Hawaendi popote. Huku mvua zimeanza, na nimeitwa nyumba nyingine hapa, kwa Bibi Evelina. Mvua ikipita tupu ni mwaka mzima."

"Krismasi ni Krismasi, fundi. Nitatafuta mwingine."

"Sawa, Mzee. Fundi wa kweli hutakosa."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika. Ile kazi ya Nanganga ilikuwa chakula cha nyumba yake kwa muda mrefu, na sasa imekwenda. Nyumba moja iliyoita si mtaa. Atamwambia nini Mama Huruma, hakujua bado. Alijua tu atamwambia leo hii, kabla hajasikia kwa bodaboda, na kwamba hatamwambia kwa maneno matamu.

"Fundi!"

Alikuwa Mama Mrisho. Amesimama mbele ya jukwaa na ndoo yake imejaa maji ya kisima, ya kwanza kuchotwa na jirani, amejinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu na ndoo bado haifiki vizuri.

"Umempimia nani hili? Twiga?"

"Mama Mrisho, wenzako wote wamelikubali."

"Wenzangu wana miguu. Mimi nimepewa hii. Au wafupi hatunywi?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akasema mletee kigoda, mwingine akasema amnyanyue mwenyewe fundi. Zabroni akaigusa simenti kwa kidole. Ilikuwa bado mbichi.

"Tua ndoo," akasema, akipiga magoti na mwiko wake. "Simama hapa karibu, simama kama unavyosimama kwako. Nionyeshe mkono wako unafika wapi."

"Hapa."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Hapo. Hapo hapo, usisogeze."